Naomba ushauri: tembo wanamaliza mihogo kijijini kwetu Liwale

Ndugu zangu, salamu kwenu. Kijiji chetu kipo ndani kabisa wilayani Liwale, mkoani Lindi. Msitu unaanzia pale mashamba yanapoishia. Masika barabara ikikatika gari haliingii, kwa hiyo tunachovuna ndicho tunachokula. Mihogo ndiyo ghala letu: inakaa ardhini, unang'oa unapohitaji. Tembo nao wameijua. Wanaingia usiku, asubuhi unakuta mashimo matupu.

Tumelala dungu, tumepiga madebe, tumewasha moto. Mwanzoni walikimbia, sasa wanasogea pembeni kidogo halafu wanarudi. Tukazungusha kamba zenye vitambaa vya oili chafu na pilipili. Inasaidia, lakini mvua inaosha, na oili yenyewe mpaka uifuate mjini. Taarifa kwa mtendaji wa kijiji tunapeleka kila mara. Ninaowahofia zaidi ni vijana wanaolinda, maana tembo akikugeukia gizani huna pa kukimbilia.

Sasa tunafikiria uzio wa mizinga ya nyuki, iunganishwe kwa waya ili tembo akigusa yote itikisike. Kwa waliojaribu: mizinga iachane mita ngapi, na nyuki mnawazuiaje wasihame kiangazi maji yakikauka? Pili, ufuta ukipandwa kuzunguka mihogo unawazuia kweli, au wanaupita tu?

Mwenye uzoefu, hasa wa Nachingwea au Tunduru, naomba anijibu kabla hatujachanga fedha za mizinga.