Mboga zimelala njiani, mnazirudishaje?

BintiMbagala:
Habari za jioni wapendwa. Nikitoka kazini Kariakoo napitia sokoni, maana mafungu ya pale yanashiba kuliko ya mtaani kwetu. Shida ni foleni. Mpaka nishuke Mbagala ni saa mbili kasoro, mchicha umelala, giligilani ndiyo usiseme. Sina friji. Jana niliuloweka mchicha kwenye maji ya chumvi, wadudu watoke na majani yasimame, nikauacha mpaka asubuhi. Nimekuta umelegea kuliko jana. Mafungu matatu nimemwaga, na imeniuma sana. Nimekosea wapi?

MamaGenge:
Pole mwanangu. Nina miaka 11 gengeni hapa Mwananyamala, na hiyo chumvi imewaponza wengi.

Jani linasimama kwa maji yaliyomo ndani yake, kama tairi la baiskeli linavyosimama kwa upepo. Joto la daladala limeyapunguza, jani likalegea. Chumvi nayo huvuta maji yatoke. Si unaona kachumbari ukiitia chumvi mapema inavyoogelea? Ndivyo ulivyoufanyia mchicha wako usiku kucha.

Tumia maji matupu, safi, ya mtungi kama unao, maana mtungi hupoza. Mchicha uliong'olewa na mizizi usiukate. Suuza udongo, usimamishe kwenye beseni, mizizi ndani ya maji, majani juu. Sukumawiki na spinachi kata ncha ya kikonyo kwa kisu kikali, upana wa ukucha tu, kwa sababu palipokatwa shambani pameshakauka, hapanyonyi tena. Subiri nusu saa. Halafu chukua kikonyo kimoja ukipinde: kikijikunja kimya bado, kikilia *ka!* kimerudi.

Giligilani nyofoa majani ya chini, kata ncha, itie kwenye bilauri yenye maji ya vidole viwili, uifunike juu kwa kitambaa kibichi. Badilisha maji kila asubuhi. Jani likizama ndani ya maji linaoza na kuharibu mengine.

Jani la njano au lenye utelezi usihangaike nalo, hilo halirudi. Na chumvi ya wadudu iweke mwisho, dakika chache kabla ya kupika.

Mpemba_Jikoni:
Mama kasema kweli. Naongeza mawili. Usikatekate mboga kabla ya kuloweka, vitamini C inabaki kwenye maji. Na karoti iliyolegea usiimenye: ikate kichwa, izamishe nzima kwenye maji baridi tangu jioni, asubuhi inakatika vizuri.

BintiMbagala:
Shikamoo mama, nimerudi kutoa majibu. Leo nimeusimamisha mchicha na mizizi yake kabla hata sijavua viatu. Mpaka ubwabwa unaiva, majani yalikuwa yameinuka. Kikonyo kimelia! Giligilani imesimama nusu, ile iliyobanwa na nyanya haikurudi. Ila mboga nyingine ni za kesho jioni, nazitunzaje?

MamaGenge:
Marahaba mwanangu, umenifurahisha. Za kesho zitoe kwenye maji, zikung'ute sana, uzifunge kwenye kanga uliyoilowesha na kuikamua. Weka sakafuni, mbali na jiko. Kabla hujaenda kazini ilowanishe tena. Na kesho pale sokoni mwombe muuzaji azinyunyizie maji kabla hujapanda gari, nyanya zikae mfuko wake.