Mama lishe tunalipia kupimwa afya, hatupimwi, cheti tunapewa. Hiyo hela inafanya kazi gani?

Wakuu salaam. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa bima, ingawa na bima nayo nitaigusa.

Nina mgahawa mdogo hapa Arusha, si mbali na soko la Kilombero. Chapati na supu asubuhi, mchana wali, ugali, ndizi nyama. Nina mabinti wanne na kijana mmoja wa chipsi. Kila baada ya miezi sita sote tunatakiwa kupima afya, na mimi mwenye biashara nikiwemo. Sina ubishi na hilo. Anayeshika chakula cha watu apimwe. Mtu mwenye homa ya matumbo simtaki karibu na sufuria zangu.

Sasa sikilizeni. Majuzi tumekwenda kwenye kituo kimoja, jina naliacha. Elfu kumi kwa kichwa. Tukapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, ujumbe ukaingia, safi. Mabinti wakapewa vikopo, cha choo na cha mkojo, na kijiti cha kuchotea. Mmoja choo kilikuwa hakijaja, akakaa kwenye benchi anakunywa maji ya uvuguvugu huku wenzake wanamcheka. Nikiwa nimesimama pale dirishani kijana akaniita, "Mama, vyeti vyenu tayari."

Tayari! Vimegongwa muhuri, majibu yamejazwa kwa kalamu ya bluu, choo hakina tatizo, mkojo hauna tatizo. Vikopo bado mabinti wanavyo mkononi. Yule aliyekuwa anakunywa maji akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, sasa mimi hiki nikitupe wapi?"

Nikamuuliza yule kijana mmetupima saa ngapi. Akasema vitendanishi, zile dawa za maabara za kupimia, vimekwisha, wamejaza ili tusihangaike, "na nyie mama mnaonekana wazima tu." Alidhani ananisaidia! Elfu sitini yangu imekwenda, na mpaka ninavyoandika hapa sijui kama binti anayekanda chapati ana amiba au hana.

Najua atakuja mtu kuniambia shukuru hukusumbuliwa. Mkuu, pita tu. Mimi nililipa nipimwe.

Halafu mwangalie bwana afya anavyoingia mgahawani siku hizi. Swali la kwanza cheti. La pili leseni. La tatu risiti ya taka. Jikoni haingii. Ndoo ya maji ya kunawa haiangalii, choo cha wateja hakijui kilipo, na mtaro wa nyuma uliojaa tope tangu masika anauruka kwa viatu vyake vizuri na kuondoka. Mama yangu anasimulia mabwana afya wa enzi zao walivyokuwa wanafunua pipa la maji kutafuta viluwiluwi vya mbu, na wakivikuta unalimwaga pipa zima mbele yao. Wa sasa mtaro wangeuona kama ungekuwa na risiti.

Simlaumu yeye binafsi. Kapewa lengo la makusanyo, na anapimwa kwa lengo hilo. Hakuna bosi atakayemwita kumuuliza ni watu wangapi hawakuhara mwezi huu. Kinga siku hizi ipo kwenye hesabu za mapato. Nendeni mkaitafute kwenye matumizi muone. Kipindupindu kikija tunafungiwa sisi kwanza. Mnakumbuka kile cha 2015 kilivyoanzia Dar, biashara ya chakula cha barabarani ikapigwa marufuku. Tulioambiwa tunaleta ugonjwa ndio hao hao tunaolipia cheti kila miezi sita.

Nije kwenye bima. Mimi nipo kwenye kadi ya mume wangu, ya kazini kwao, kampuni siitaji. Kwetu presha na sukari ni za ukoo, baba alipooza upande mmoja kabla hajafika sitini. Nikasema nikapime mapema. Mapokezi dada akaniuliza, "Unaumwa nini?" Nikamwambia siumwi, nimekuja kuangalia presha na sukari. Akanirudishia kadi: "Dada, kama huumwi bima hailipi, lipia keshi." Nimeshageuka kuondoka, akaniinamia: "Sema tu kichwa kinauma na unakojoa sana usiku."

Nikasema kichwa kinauma. Nikafunguliwa faili, nikamwona daktari, nikapimwa, nikapewa na panadol ambazo sikuzihitaji, na bima ikalipa kila kitu. Kwa hiyo ukisema ukweli kipimo cha sukari hulipiwi, ukidanganya unalipiwa kipimo, daktari na dawa juu. Mwenye akili za hesabu anieleze hapo mwenye bima amepata faida gani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni Novemba 2023. Muswada wa mwaka uliotangulia ulipotaja 340,000 kwa kaya ya watu sita nchi nzima ilipiga kelele, na mimi nilikuwemo. Tulibishana bei ya kadi usiku na mchana. Kama hiyo kadi itampima asiyeumwa, hilo kwenye mabishano yetu sikulisikia. Na sheria yenyewe imetaja vyanzo vya fedha, kodi ya soda na vinywaji vikali humo ndani. Soda tunakunywa, kodi tunalipa, sukari inatupata, halafu kuipima tudanganye.

Haki isemwe. Kuna kinga inayofanya kazi nchi hii, nayo ni chanjo. Binti yangu wa shule kachomwa sindano ya saratani ya mlango wa kizazi darasani, bila senti tano. Wenzetu wa Kilimanjaro waliianza kwa majaribio 2014, nchi nzima ikaingia 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Inaendaje vizuri hivyo? Kwa sababu ililipiwa kabla muuguzi hajafika shuleni, hakuna aliyemwambia akakusanye kwanza. Lakini sehemu kubwa ya hela hiyo inapitia Gavi, shirika la kimataifa la kugharamia chanjo, na Juni 2025 Marekani walitangaza hawataichangia tena. Tunasubiri nini?

Tayari tumeshaonja. Jirani yangu alikuwa anapita mitaani kutafuta wenye kifua kikuu, anaingia vyumba vya wapangaji, anachukua makohozi, anayapeleka maabara. Posho yake ilikuwa ya mradi wa Wamarekani. Januari 2025 Trump akasimamisha misaada kwa siku 90, mradi ukafungwa, na hakuitwa tena. Sasa anauza mitumba. Wanaokohoa wamebaki na wapangaji wenzao, chumba kimoja watu wanne, na baadhi yao ndio wateja wangu wa mchana. Nilimuuliza kama serikali haiwezi kumchukua, akacheka.

Viongozi wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwenda afya. Hatujafika, na hizo zinazotolewa ukizifuata unakuta majengo. Jengo linazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Mtaro uliozibuliwa hauna utepe.

Sisi wa huku Meru tulipaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Watoto wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji yetu ya kunywa, wapo kila darasa, na wengine miguu imepinda. Kiwango cha nchi kilikuwa miligramu 4 kwa lita kwa miaka mingi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema 1.5, mpaka na sisi tukashuka huko. Mradi mkubwa wa maji wa bilioni 520 ulipokuja, ulikuja kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sikatai mkopo, maji tunayahitaji. Ila kizazi kizima kilishaota meno ya kudumu, na jino likishakula floraidi ndiyo basi tena.

Ninachotaka kujua ni kitu kidogo. Tangu 2017/18 kuna fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo, na kila kituo kina kamati yenye wananchi ndani. Humu jukwaani lazima wamo wanakamati. Hii elfu kumi ya mama lishe inabaki kituoni inunue vitendanishi, au inapanda juu na hairudi? Kama inabaki, vimekwishaje wakati foleni ya wanaolipa haikatiki? Kama inapanda, nani aliamua?

Wale watakaosema "weka ushahidi": risiti zote sita zipo na vyeti vyake, muda wa malipo na muda wa cheti unaonekana. Nafuta kwanza majina ya mabinti na ya kituo, nitaviweka hapa chini jioni nikishafunga mgahawa. Na mabinti nawapeleka wiki hii kupima upya maabara binafsi, kwa hela yangu.