Ushauri: sarafu ndogo zikihamia kwenye chuma, kibaki uzito au unene?

Mwalimu Kihesa:
Kamwene wakuu. Klabu ya mdahalo hapa Iringa inatetea hoja kwamba sarafu ndogo zote ziwe za chuma kilichopakwa nikeli, kama shilingi 500 ya mwaka 2014. Tumekwama kwenye kipimo: kipi kisiguswe, uzito au unene? Na vijana waonyeshe nini ukumbini?

Fundi Uyole:
Mwalimu, kwa kipenyo kilekile huwezi kubakiza vyote. Mchanganyiko wa shaba 75% na nikeli 25% una gramu 8.9 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Chuma ni 7.85. Kulinda uzito, lazima unene upande. Uingereza walifanya hivyo 2012: peni 5 ikatoka milimita 1.7 hadi 1.89, peni 10 kutoka 1.85 hadi 2.05. Benki zinazohesabu mifuko kwa mizani hazikusumbuka. Waliosumbuka ni wenye mashine za maegesho na za vinywaji, kwa sababu zile hupima unene na aina ya madini. Huku kwetu sarafu inahesabiwa kwa mkono, kwa hiyo mimi ningelinda kipenyo na umbo kwanza.

Dada Mwanjelwa:
Naunga mkono. Asiyeona anatambua chenji kwa ukingo na pembe. Msikubali sarafu mbili jirani zifanane.

Makambako Mjini:
Hoja isisahau mpangilio wa kazi kiwandani. Kwanza kata vibati vya duara, inua ukingo, safisha, NDIPO uchovye nikeli, halafu ugonge mchoro. Ukikata bamba lililokwisha kupakwa, ukingo unabaki chuma kitupu na kutu inaanzia hapo. Usafishaji ukiwa hafifu, ngozi ya juu inavimba malengelenge; senti za Marekani za zinki iliyopakwa shaba, zilizoanza 1982, zina ugonjwa huo. Mchoro nao uwe wa kina kifupi, maana chuma ni kigumu na mihuri ya kugongea mchoro inachakaa upesi.

Mwalimu Kihesa:
Ahsanteni sana. Tukate msumari wa bati kuonyesha hiyo kutu?

Makambako Mjini:
Hapana mwalimu, utawapotosha. Msumari wa bati hupakwa zinki, na zinki hujitoa mhanga ikakinga chuma. Nikeli hufanya kinyume, palipochubuka chuma huliwa haraka zaidi. Tafuta pete ya funguo ya chuma kilichopakwa nikeli, ikate, iache kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Sarafu halali msizikwangue, ni kosa kisheria. Shilingi 500 ipitishieni sumaku tu, itanasa.