Swali: Vikwazo vinavyoondolewa mezani kati ya Kenya na Tanzania hurudije mpakani?

Msafirishaji wa Kiteto ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninanunua mahindi Kiteto, mkoani Manyara, na kuyapeleka Kenya kupitia Namanga. Nilianza kazi hii kabla ya mpaka ule kupata kituo cha huduma kwa pamoja, kile ambacho Rais Magufuli na Rais Kenyatta walikizindua Desemba 2018. Kwa hiyo taarifa za pamoja za viongozi wetu huwa nazisoma kama mkulima anavyosikiliza utabiri wa mvua, yaani nataka kujua nipakie au nisubiri.

Mei 2021 Rais Samia alikwenda Nairobi, akahutubia kikao cha pamoja cha Bunge la Taifa na Seneti, na mwenyeji wake akaagiza mahindi yaliyokwama mpakani yashughulikiwe ndani ya wiki mbili. Nakiri kwamba mambo yalilegea. Desemba mwaka huo huo, Rais Kenyatta alipokuja kwenye sherehe za miaka 60 ya Uhuru, tulielezwa kwamba kati ya vikwazo 64 visivyo vya kiforodha (yaani vizuizi vya biashara visivyo ushuru, kama vipimo, vibali na marufuku) vilivyoorodheshwa, 46 vimekwisha kuondolewa. Oktoba 2022 Rais Ruto akaja Dar es Salaam, na hesabu ikawa 54 kati ya 68. Vilivyoondolewa viliongezeka, na orodha yenyewe nayo ikaongezeka.

Msimu mmoja baada ya ziara hizo, lori langu lilifika mpakani likiwa na cheti cha kupimwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka, kilichotolewa upande wetu, na bado likazuiwa siku nne likisubiri kupimwa upya upande wa pili. Nilimwonyesha ofisa taarifa ya pamoja kwenye simu yangu. Aliisoma yote kwa utulivu, akanirudishia simu na kuniambia kwamba yeye hajapokea waraka wowote.

Swali langu ni hili: serikali mbili zilizo ndugu zinapokaa na kukubaliana, makubaliano hayo huanza kuwa na nguvu wapi, na hupotelea wapi kabla ya kumfikia mtu kama yule ofisa?

---

Wakala Mstaafu amejibu:

Mkuu, nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka mingi, na nasikitika kukueleza kwamba yule ofisa alikuwa sahihi. Taarifa ya pamoja inaeleza kile ambacho wakubwa wamekubaliana kukitaka. Mtumishi wa mpakani hafanyi kazi kwa taarifa hiyo, bali kwa sheria, kanuni na waraka uliosainiwa na mkuu wa taasisi yake mwenyewe, kwa sababu siku ya ukaguzi hakuna atakayemuuliza Rais alisema nini. Ataulizwa kwa nini aliruhusu mzigo bila karatasi fulani.

Tatizo lingine ni wingi wa taasisi. Watu hudhani kituo cha huduma kwa pamoja kina uamuzi mmoja. Kilichounganishwa ni jengo na utaratibu wa kusimama mara moja badala ya mara mbili, lakini ndani yake kila nchi ina watu wake wa forodha, uhamiaji, afya, viwango na ukaguzi wa mimea, ambao kila mmoja ana mkuu wake na wizara yake. Ili jambo moja la Ikulu likufikie wewe na mahindi yako, ni lazima lishuke ngazi tano au sita kwenye kila nchi, tena kwa wakati mmoja. Taasisi moja ikichelewa, lori limelala.

Linganisha na mgogoro wa ndege. Januari 15, 2024, mamlaka ya anga ya Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia Januari 22 Kenya Airways isingeruhusiwa kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeikatalia Air Tanzania kusafirisha mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Mawaziri wa mambo ya nje, Mudavadi wa Kenya na Makamba wa Tanzania, wakazungumza, na jambo likaisha kabla marufuku yenyewe haijaanza. Undugu wetu haukuwa mkubwa zaidi juu angani kuliko barabarani. Mgogoro ule ulikuwa na ofisi moja ya kufungua na kufunga kila upande, na hasara yake ilionekana mara moja kwa watu wenye sauti. Mahindi hayana bahati hiyo.

---

Mwananchi wa Makueni amejibu:

Hamjambo nyote. Naandika kutoka upande wa pili wa mpaka, na ningependa tusilizungumze suala la sumukuvu kana kwamba ni kisingizio tu cha kibiashara.

Mwaka 2004 watu 125 walikufa hapa Kenya kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, na mahindi yale hayakutoka Tanzania, yalikuwa yetu wenyewe. Kwenu nako, mwaka 2016, watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara, na Kiteto unakotoka ndugu muulizaji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Kwa hiyo Machi 5, 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, hofu ilikuwa na msingi. Kasoro ilikuwa namna ya kuitekeleza hofu hiyo: ilitoka barua moja, ghafla, majirani hawakushauriwa, na malori yalikuwa tayari njiani. Siku tano baadaye marufuku ililegezwa kwa masharti, yaani waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha ulikotoka, na sumu isizidi sehemu 10 katika bilioni.

Ukitazama hiyo 10, utaona kwamba ndicho kiwango kilichomo katika viwango vya Afrika Mashariki, ambavyo nchi zetu zote mbili zilikuwa zimekwisha kuvikubali. Hatukuwa na mgogoro juu ya kiwango. Tulichokuwa nacho ni kutoaminiana juu ya maabara, nani amechukua sampuli, kutoka magunia mangapi, na mahindi yalihifadhiwa wapi baada ya kupimwa. Gunia lililo salama Kiteto linaweza kuota kuvu chini ya turubai lenye unyevu kabla ya kufika Nairobi. Hayo hayaamuliwi na marais. Yanahitaji wakemia wa pande zote mbili wakae chumba kimoja na kupima sampuli zile zile hadi majibu yao yakaribiane.

Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, nami nina langu. Nilizoea kuja mwenyewe Kongwa, mkoani Dodoma, kununua mahindi kijijini. Julai 2025 serikali yenu ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ununuzi wa mazao shambani ni mojawapo. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na huenda akapoteza kibali cha kuishi. Hili nalo lihesabiwe kwenye ile orodha yenu ya 68.

---

Msomaji wa Mikataba amejibu:

Ninafundisha sheria, kwa hiyo naomba mnivumilie kidogo.

Katika mazungumzo ya namna hii kuna mambo ambayo kiongozi anaweza kuyamaliza kwa kauli, kwa sababu yalizaliwa na kauli. Barua ya Machi 2021 ilikuwa ya aina hiyo, nayo iliondoka upesi. Kisha kuna hati ya makubaliano, kama ile iliyosainiwa Mei 2021 kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Kwa kawaida hati hizo hueleza nia tu na hazimlazimishi mtu, ndiyo maana picha za kusaini tunazo na bomba hatuna. Lakini kikwazo kilichoandikwa ndani ya sheria au kanuni ya nchi hakiondolewi na kupeana mikono, hata kama waliopeana ni wakuu wa nchi. Kinaondolewa na chombo kilichokitunga.

Amri ya Julai 2025 anayoitaja ndugu wa Makueni ni ya aina hii ya mwisho, na kwa maoni yangu inagongana na Ibara ya 13 ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayohusu haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine mwanachama bila kubaguliwa kwa uraia wake. Itifaki hiyo imekuwa ikitumika tangu Julai 2010. Utetezi upo, na wapo wanasheria ninaowaheshimu wanaousimamia, kwamba kila nchi ilijiwekea ratiba yake ya kufungua sekta na kwamba biashara ndogo hazikukusudiwa kwa wageni. Mimi sijashawishika, ila sitaki mdhani kwamba upande mmoja umekosa hoja.

Kuhusu orodha inayoongezeka, kumbukeni kisa cha zamani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Mwaka uliofuata, chini ya upatanishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini Arusha makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Mazungumzo yale yalikuwa machungu mno, lakini yalifika mwisho kwa sababu orodha ilikuwa imefungwa: mabehewa ni haya, majengo ni haya, deni ni hili. Vikwazo vya biashara havifungiki namna hiyo. Kila bajeti mpya, kila waziri mpya, kila mavuno mabaya huleta kingine, kwa hiyo sishangai 64 kuwa 68.

Tuna Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, ambayo inazitaka nchi kuwa na kamati za kitaifa za ufuatiliaji. Zaidi ya hapo, Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kulipeleka jambo mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha, akiona kwamba sheria, amri au kitendo cha serikali kinaukiuka Mkataba. Muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu alipokifahamu, na wengi hukosa haki yao hapo.

---

Msafirishaji wa Kiteto:

Nawashukuru wote, hasa ndugu wa Makueni. Mwaka 2016 naukumbuka vizuri. Tulizika, na miezi kadhaa baadaye hakuna aliyetaka kusikia mahindi ya Kiteto hata huko Arusha, kwa hiyo sitabishana nawe juu ya hofu.

Juu ya wanunuzi kuingia vijijini, nisiwe mnafiki. Amri ile inanifaidi mimi, kwa kuwa sasa mnunuzi wa Kenya anapaswa kupitia kwa mtu kama mimi. Lakini mkulima niliyekuwa nikishindana nawe kwake hafurahi, maana zamani alikuwa na wanunuzi wawili wa kuwapima na leo amebaki na mmoja anayemlazimisha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Nimemsikia akisema hivyo, na sikuwa na jibu.

Bwana Wakala, siku lori linapozuiwa, kabla ya kufikiria mahakama, mtu aanzie wapi?

---

Wakala Mstaafu:

Omba sababu kwa maandishi. Ofisa mwenye haki atakuandikia, na asiye na haki mara nyingi atakuachia upite kuliko kuacha saini yake. Andika saa ya kufika na saa ya kuondoka, na risiti ya maegesho uitunze. Kisha peleka nakala kwa kamati ya taifa ya ufuatiliaji wa vikwazo kupitia wizara ya biashara, kwa sababu wajumbe wanaotayarisha mikutano ya mawaziri huingia ukumbini na yale tu yaliyoripotiwa. Siku zako nne, kama hukuziandika popote, hazikuwahi kuwa miongoni mwa zile 68.

Na ukiweza, chukua sampuli mbili kabla ya kufunga turubai, moja uipime huku, nyingine mnunuzi wako aipime kwao kabla lori halijaondoka Kiteto. Haimo katika mkataba wowote, ila nimeona malori mengi yakipita kwa njia hiyo.