Hivi Mjerumani kujivunia nchi yake ni kosa?

Mtoto wa Makole: Wakuu habari. Mtaani kwetu kuna kijana wa Kijerumani anajitolea kufundisha, siku ile Stars wanacheza tulimpaka rangi za bendera yetu usoni akafurahi balaa, ila tulivyomwambia na wewe tundika ya kwenu hapo getoni akagoma kabisa, anasema kwao ukiweka bendera dirishani na hakuna mpira majirani wanakuangalia vibaya. Nilishangaa kwa kweli. Kombe la dunia mara 4, viwanda vile, halafu mtu aone aibu? Hivi ni sawa?

Zabibu Tamu: Mkuu sio aibu ya bure hiyo. Hitler aliwashika watu kwa bendera na magwaride hayo hayo, mwisho wake Wayahudi kama milioni 6 wakauawa. Nimesoma kule, pale Berlin karibu kabisa na geti la Brandenburg kuna kumbukumbu yao, mawe ya zege ya kijivu 2,711, unaingia yako chini ya goti, ukizidi kwenda yanakupita kimo mpaka barabara huioni. Nchi gani nyingine imejenga kumbukumbu ya uovu wake yenyewe katikati ya makao makuu? Bendera wamekuja kuzipeperusha bila wasiwasi 2006 walipoandaa kombe la dunia.

Mwalimu JK: Ila ile nyeusi, nyekundu na dhahabu sio ya Hitler jamani, watu waliibeba kwenye ngome ya Hambach huko Ujerumani 1832 wakidai uhuru, yeye ndo aliiondoa. Wajerumani wakiwaachia AfD, kile chama cha mrengo mkali wa kulia, waishike peke yao wanakosea sana, chama kimeshakuwa cha pili uchaguzi wa 2025.

Mgogo wa Mpwapwa: Mnaongelea Hitler tu. Huku reli yao ilifika Dodoma 1910 na wazee wanaisifu mpaka leo, lakini miaka michache kabla ya hapo, vita ya Maji Maji, walichoma mashamba na maghala kule kusini watu wakafa njaa kwa maelfu. Rais wao Steinmeier alikuja Songea 2023 akaomba msamaha mbele ya familia ya Nduna Songea Mbano, yule kiongozi wa Wangoni waliyemnyonga. Mjerumani akijivunia rais wa hivyo mi nampa mkono. Akijivunia reli akanyamazia njaa, hatuelewani.

Mtoto wa Makole: Sasa dogo wa miaka 20 ana kosa gani hapo?

Mgogo wa Mpwapwa: Kosa hana. Ila mafuvu ya babu zetu mpaka leo yako stoo za makumbusho huko Berlin na serikali anayoipigia kura ndo yenye funguo. Aibane iyarudishe, nitakuwa wa kwanza kumpongeza.