Nataka kuanza MMA (mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka) hapa Kampala, nianzie wapi?

Kijana wa Ntinda: Wakuu, sijawahi kupigana, nataka MMA ila jimu za huku naona ni ndondi na kikboksi (ngumi na mateke) tu. Nianze hivyo hivyo?

Mtu wa Ulingo: Anza ndugu yangu, wapiganaji maarufu wa MMA nao walianzia mchezo mmoja: Adesanya alitokea kikboksi, Usman mieleka. Ila mapema tafuta mtu wa judo au jiujitsu, michezo ya kuangushana na kukabana, maana ukishaangushwa chini ngumi pekee hazikuokoi. Nunua kinga ya meno kwanza, ile unaichovya maji moto halafu unaing'ata ikae sawa na meno yako, glavu utaazima.

Dada wa Jinja: Na ukikabwa shingo gonga mkeka haraka, ndiyo ishara ya kusalimu amri ili mwenzako akuachie, usione aibu. Kocha anayewapiganisha wageni kwa nguvu zote wiki ya kwanza, mkimbie kabisa!

Kijana wa Ntinda: Asanteni sana, kesho naenda kuulizia judo.