Orodha ya chifu inatosha kuchagua kaya za kuhoji?

Msomi_Kahawa: Wakuu, natoka Nairobi kwenda Makueni kuhoji kaya 120 kati ya 600. Nitumie orodha ya chifu?

Takwimu254: Peke yake, hapana. Mara nyingi huandika wenye boma tu. Wajane na wapangaji wa sokoni huachwa. Zunguka na mzee wa kijiji, uhesabu upya: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, hata boma likiwa na wake wawili. Halafu chukua kila kaya ya tano, ya kwanza ipigie kura kati ya 1 na 5.

Mama_Dodoso: Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni. Usirukie kwa jirani! Aliyeshinda nyumbani si sawa na aliyeenda kibarua. Siku ya soko usijisumbue. Na kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwanza.